Mgeni Aliyeachwa Mlangoni: Stade de France, 28 Mei 2022

Saa 3 usiku ilipofika, wakati ambao mpira ulipaswa kuanza, skrini kubwa za Stade de France ziliutangazia uwanja kwamba fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya imecheleweshwa kwa sababu mashabiki wamechelewa kufika. Waliokuwa wakisemwa hawakuweza kulisoma tangazo hilo. Walikuwa nje, maelfu yao, wamebanwa kwenye vyuma vya mageti yaliyofungwa, tiketi mkononi. Wengi walikuwa wamefika eneo la uwanja zaidi ya saa mbili kabla.

Mpira ulianza saa 3 na dakika 36. Real Madrid waliifunga Liverpool bao 1-0, Vinícius Júnior akimalizia dakika ya 59. Baadhi ya watu waliosafiri kutoka Uingereza hawakuliona bao hilo, na wengine walioliona walikuwa bado wanafuta machozi ya bomu la polisi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu tunapousifu uwanja wa kisasa huwa tunaanzia ndani. Tunahesabu viti, taa, skrini, vyumba vya wageni maalumu, vyoo, vibanda vya chakula, intaneti. Stade de France una hivyo vyote. Ulifunguliwa Januari 1998 kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka huo, unachukua watu wapatao 80,000, paa lake la duaradufu linafunika watazamaji pande zote, na jukwaa lake la chini linaweza kurudishwa nyuma kupisha njia ya riadha. Ulikuwa umeshaandaa fainali ya Kombe la Dunia, fainali ya Euro 2016, na fainali mbili za Ligi ya Mabingwa, mwaka 2000 na 2006. Kwa karatasi, huwezi kupata mwenyeji mwenye uzoefu kuliko huyo. Na bado usiku ule mwenyeji huyo alishindwa jambo la kwanza kabisa ambalo mgeni anahitaji, yaani kuingia.

Njia

Uwanja upo Saint-Denis, kaskazini mwa Paris, na unafikika kwa reli tatu: RER B na RER D, ambazo ni treni za jiji na vitongoji vyake, na metro namba 13. Huo ni utajiri mkubwa. Viwanja vingi duniani vingetamani hata kituo kimoja. Mpango wa kupokea watu katika mahali kama hapo unategemea kugawanya umati: hawa wanatokea kusini, wale magharibi, wengine kaskazini, na kila kundi lina njia yake hadi upande wake wa majukwaa.

Siku ya fainali kulikuwa na mgomo kwenye RER B. Haukuwa wa ghafla, ulijulikana kabla. Abiria walishauriwa kutumia RER D, nao wakatii. Matokeo yake, watu ambao kwa kawaida wangefika kwa njia ya kusini waliteremka wote kwenye kituo cha upande wa magharibi na kufuata vibao hadi kwenye ukaguzi uliokuwa umepangiwa watu wachache zaidi. Treni moja ya ghorofa ya RER inaweza kushusha zaidi ya watu 1,000 kwa mkupuo mmoja, na baada ya dakika chache inafuata nyingine.

Njia yenyewe kutoka kituo hicho inapita chini ya barabara kuu ya A1, kisha inapanda kuelekea uwanjani. Hapo chini ndipo ukaguzi wa nje ulipowekwa. Magari ya polisi yalikuwa yameegeshwa yakapunguza upana, na umati uliokuwa ukitembea kwa nafasi ukalazimika kujipanga kama mchanga unaopita kwenye shingo ya chupa. Aliyekuwa mbele hakuweza kurudi. Aliyekuwa nyuma hakujua kuna nini mbele, aliona tu kwamba foleni haisogei, akasogea yeye.

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo kiini cha kisa kilipo.

Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja vya michezo, ambao wasanifu wa nchi nyingi huutumia, unaweka ukomo wa watu 660 kwa saa kwa kila geti la kuzunguka, lile linalompitisha mtu mmoja mmoja. Ukigawanya, ni kama sekunde 5 na nusu kwa mtu: anaweka tiketi, taa inawaka kijani, anasukuma chuma, amepita. Liverpool ilikuwa na mashabiki karibu 20,000 wenye tiketi za klabu. Ili waingie ndani ya saa moja unahitaji mageti 31 yanayofanya kazi bila kukatika. Tiketi moja ikikataliwa na ubishi ukachukua dakika moja, zamu za watu 11 zimepotea kwenye geti hilo.

Sasa rudi kwenye ukaguzi wa nje. Hapo si taa ya kijani. Mtu anafungua koti, anapapaswa, anaonyesha begi, kisha tiketi yake inakaguliwa. Tuseme sekunde 20, na huko ni kwenda haraka. Kila mstari unapitisha watu 180 kwa saa. Mistari 10 ni watu 1,800. Ukimimina watu 15,000 mbele ya mistari hiyo 10, wa mwisho atapita baada ya zaidi ya saa nane. Hesabu hii ya mfano haihitaji kompyuta, inahitaji mtu mmoja mwenye kalamu aliyepewa idadi ya abiria na idadi ya mistari, na aliye na mamlaka ya kusema kabla ya siku yenyewe: haiwezekani, tafuteni njia nyingine.

Ukaguzi wa nje una historia yake. Tarehe 13 Novemba 2015, wakati Ufaransa ikicheza na Ujerumani katika uwanja huohuo, washambuliaji walijilipua nje ya mageti na kumuua mtu mmoja. Kama wangefika majukwaani, sijui kama kuna anayetaka kuifikiria hesabu hiyo. Kwa hiyo siwalaumu wanaotaka mzunguko wa pili wa ulinzi nje ya uwanja. Kosa lilikuwa kuubebesha mzunguko huo kazi mbili kwa wakati mmoja, kutafuta silaha na kuhakiki tiketi, kisha kuuweka mahali pasipo na nafasi ya watu kusubiri. Msongamano wenyewe ni shabaha kwa mshambuliaji. Na hata asipotokea mshambuliaji yeyote, msongamano unatosha kuua.

Watu wakizidi watano katika mita moja ya mraba, kila mtu anapoteza uamuzi wa mwili wake. Msukumo unapita kati yao kama wimbi. Wanaokufa katika hali hiyo mara nyingi hufa wakiwa wamesimama wima, kifua kikiwa hakina nafasi ya kupanuka. Ndiyo maana neno "mkanyagano" huwa linapotosha. Linakufanya uwaze watu wanaokimbia ovyo, kumbe mara nyingi hakuna anayekimbia wala mwenye nafasi ya kukimbia.

Ukaguzi huo ulielemewa, ukaachwa kabisa zaidi ya saa moja kabla ya muda wa mpira. Watu wakapanda hadi kwenye mageti yenyewe, pamoja na wengine wasio na tiketi waliojipenyeza. Wakuu wa mageti walipoona hivyo wakayafunga. Tatizo la chini ya barabara likawa limehamia juu, mbele ya vyuma.

Kalamu

Mashabiki wa Liverpool wengi walikuwa na tiketi za karatasi, wakati upande wa Madrid tiketi za simu zilikuwa nyingi zaidi. Karatasi inaweza kughushiwa, kwa hiyo wasimamizi wa ukaguzi wa nje walipewa kalamu maalumu ya kemikali: unachora juu ya tiketi na alama inajitokeza kama ni halali. Baadhi yao hawakuwa wamefundishwa vizuri kuitumia. Ukichora vibaya, tiketi halali inaonekana bandia.

Mfikirie mtu aliye mbele ya kalamu hiyo. Amesafiri na mtoto wake kutoka Liverpool, tiketi ameipata kwa klabu yake, na kijana mwenye fulana ya kung'aa, aliyeajiriwa kwa siku moja, hasemi lugha yake, anamtikisia kichwa. Hakuna dawati la kumpeleka. Hakuna msimamizi wa juu wa kuamua. Nyuma yake wapo maelfu. Andy Robertson, beki wa Liverpool, alisema baada ya mechi kwamba rafiki yake ambaye yeye mwenyewe alimpatia tiketi aliambiwa ni bandia. Tiketi iliyotoka mkononi mwa mchezaji wa fainali!

Hapa ndipo ninapoona huduma kwa mgeni inavyopimwa. Dawati la kutatua matatizo ya tiketi, lililowekwa pembeni ya foleni na si ndani yake, lenye watu wanaozungumza lugha za timu zote mbili na mashine ya kuhakiki, ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na gharama za uwanja wa namna ile. Halipo kwenye picha za kuutangaza uwanja wowote. Lakini lingemwondoa huyo mtu mmoja kwenye mstari kwa sekunde chache na kuwaacha wengine waendelee kupita.

Na tazama jambo jingine: vyoo, maji ya kunywa, huduma ya kwanza na vipaza sauti vya viwanja karibu vyote vimejengwa kwa ajili ya aliyekwisha kuingia. Mbunifu anadhani nje ni mahali pa kupita dakika chache. Foleni ikikwama kwa saa mbili, mgeni yupo kwenye zege, hana choo, hana maji, na hakuna sauti inayomwambia kinachoendelea. Usiku ule watu wengi walieleza kuwa kilichowaumiza zaidi ya kusubiri ni kutoambiwa lolote. Wengine walijua kwamba mechi imesogezwa mbele kupitia simu za ndugu waliokuwa nyumbani wakitazama televisheni.

Kisha polisi wakatumia mabomu ya machozi na dawa ya pilipili. Vilipigwa kwa vijana wa mtaani waliokuwa wakijaribu kuruka uzio, na vilipigwa pia kwa familia zilizosimama kwenye foleni. Mwenyekiti wa chama cha mashabiki wenye ulemavu wa Liverpool alikwenda kutoa ushahidi mbele ya Seneti ya Ufaransa mwezi Juni, akaeleza yaliyowapata watu wa viti vya magurudumu. Jiweke kwenye kiti hicho. Katika umati uliobanana, kichwa chako kipo kwenye usawa wa viuno vya watu. Huoni geti, huoni askari, gesi inashuka ulipo, na anayekusukuma naye amefumba macho. Ndani ya uwanja kulikuwa na nafasi zilizotengwa kwa ajili yako, zimechorwa alama ya kiti, zina rampu na mwonekano mzuri wa uwanja. Kutoka kituoni hadi kwenye rampu hiyo hukuwa na njia yako.

Lawama

Kabla mpira haujaisha, maelezo yalikuwa yameshatolewa. Kwanza ni mashabiki waliochelewa. Baadaye UEFA, shirikisho la soka la Ulaya lililoandaa fainali, ikasema mageti yalizibwa na maelfu waliokuwa na tiketi bandia. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Ufaransa, Gérald Darmanin, akasema kulikuwa na Waingereza 30,000 hadi 40,000 wasio na tiketi au wenye tiketi za bandia. Tiketi bandia zilizobainika kwenye mageti, zilipohesabiwa, hazikufika 3,000. Pengo kati ya takwimu hizo mbili ni umati mzima ambao haukuwepo.

Kwa watu wa Liverpool maneno hayo hayakuwa mageni. Tarehe 15 Aprili 1989 kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, ambako Liverpool ilikuwa ikicheza, msongamano ulianzia nje ya mageti machache ya upande wa Leppings Lane. Polisi walifungua geti la kutokea ili kupunguza shinikizo, watu wakaelekea kwenye vizimba vilivyokuwa vimejaa, na mwishowe wakafa watu 97. Polisi wakasema mashabiki walichelewa, walikuwa wamelewa, hawakuwa na tiketi. Ilichukua hadi 2016 kwa baraza la wazee wa mahakama kutamka kwamba waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Saint-Denis walikuwepo walionusurika Hillsborough. Walipohisi ule msukumo wa mgongoni walijua maana yake, wakawa wanawaambia vijana watulie, wasisukume, wawape nafasi walio mbele. Jopo huru lililochunguza baadaye liliona kuwa mwenendo wa mashabiki wenyewe ni miongoni mwa vitu vilivyozuia vifo.

Jopo hilo, likiongozwa na Tiago Brandão Rodrigues, waziri wa zamani wa Ureno, lilitoa ripoti yake Februari 2023. Lilisema UEFA, mwenye tukio, ndiyo yenye dhima kuu. Lilieleza kuwa polisi waliwapanga watu wa Liverpool kwa dhana kwamba ni watu wa vurugu, dhana isiyokuwa na msingi, na kwamba ni jambo la kushangaza kuwa hakuna aliyepoteza maisha. Seneti ya Ufaransa ilikuwa imeshafikia hitimisho linalofanana mwezi Julai 2022. Ila kuna ushahidi ambao hakuna aliyeuona tena: picha za kamera za uwanja zilifutwa zenyewe baada ya siku 7, kwa sababu hakuna aliyeomba zihifadhiwe. Katika uwanja wenye mamia ya vifaa vya kisasa, tukio kubwa kuliko yote ya mwaka likaachwa lijifute. Jambo hili linaniudhi hadi leo kuliko hata gesi. Gesi ilipigwa katika taharuki, lakini siku 7 ni muda mrefu wa kutosha mtu kuandika barua ya mstari mmoja.

Kuna utetezi mmoja wa haki. Fainali ilikuwa ichezwe Saint Petersburg, na ilihamishiwa Paris tarehe 25 Februari 2022, siku moja baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Waandaaji walipata miezi mitatu kwa kazi ambayo kwa kawaida hupewa zaidi ya mwaka. Ninaukubali utetezi huo nusu tu. Muda mfupi unaeleza kwa nini mpango ulikuwa mbovu. Hauelezi kwa nini mgomo uliojulikana mapema haukubadilisha mistari ya ukaguzi, wala kwa nini hakukuwa na mtu kwenye chumba cha uongozi aliyekuwa akitazama njia ya RER D na kutuma watu upande mwingine. Mlango wa kusini ulikuwepo.

Wala hili halikuwa jambo lisilofikirika. Miezi minne tu kabla, tarehe 24 Januari 2022, watu 8 walikufa Yaoundé nje ya uwanja wa Olembe, mpya kabisa, wa watu 60,000, wakati Cameroon ikicheza na Comoro kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Patrice Motsepe, alisema geti la kusini ambalo lilipaswa kuwa wazi lilifungwa kwa sababu zisizoelezeka. Geti moja. Barani Ulaya habari hiyo ilisomwa kama habari ya Afrika, nadhani, na hakuna aliyejiuliza mageti ya Saint-Denis yatafunguliwa na nani.

Baada ya hapo

Mechi ilipokwisha, watu walitoka kwenye uwanja na kukuta njia za kurudi vituoni hazina ulinzi. Wengi, wa Liverpool na wa Madrid, waliporwa simu na saa. Kuondoka nako ni sehemu ya huduma ya uwanja: taa, wasimamizi wanaoonyesha njia, treni zinazosubiri. Usiku ule, askari waliokuwa wengi mbele ya foleni hawakuonekana mbele ya vibaka.

Machi 2023 UEFA ilitangaza kuwarudishia pesa mashabiki, zikiwemo tiketi zote 19,618 za mgao wa Liverpool. Saint-Denis nako kulibadilika. Stade de France ulipokea Kombe la Dunia la Raga mwaka 2023, fainali yake ikachezwa pale tarehe 28 Oktoba, na mwaka 2024 ukapokea riadha ya Olimpiki. Metro namba 14 ilirefushwa hadi Saint-Denis–Pleyel mwezi Juni 2024, ikaongeza njia nyingine ya kuwagawanya watu.

Hata hivyo, tarehe 9 Septemba 2023, siku ya pili ya Kombe hilo la Raga, maelfu ya watu walikwama nje ya mageti ya Stade Vélodrome huko Marseille kabla ya mechi ya Uingereza na Argentina, wakabanwa ukutani, na wengine wakaukosa mwanzo. Nchi ilikuwa ileile, ripoti zote mbili zilikuwa zimeshachapishwa. Mapendekezo ya jopo la fainali yalikuwa 21, na yalitoka miezi saba kabla.

Ninapopewa sasa maelezo ya uwanja mpya, naruka kurasa za viti na skrini kwanza. Natafuta ramani ya nje. Naangalia umbali kati ya ngazi ya mwisho ya kituo na ukaguzi wa kwanza, upana wa sehemu nyembamba kuliko zote, idadi ya mistari, mahali pa kukaa walio kwenye viti vya magurudumu wakisubiri, choo kilicho nje ya uzio, na kama njia moja ikizibwa watu wanapelekwa wapi na nani mwenye jukumu la kutoa amri hiyo. Mara nyingi ukurasa huo haupo. Naandika kuuomba.